Koili Katika Mikono ya Wanafunzi

Nilipohamishiwa shule ya sekondari ya ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nilifika na godoro, mabegi na sufuria zangu, na kabla jua halijazama nilikuwa nimeshaichukia maabara.

Mimi ni mtu wa Litembo, milimani. Nimekulia kwenye ukungu, sweta mwilini mpaka saa nne asubuhi, wazazi wangu wakilima mahindi kwenye ngoro, yale mashimo tunayochimba kwenye miteremko, na kahawa nyuma ya nyumba. Kule ziwani unatoka kuoga, na kabla hujajifuta jasho limeshaanza upya. Hilo ningelizoea. Maabara ndiyo iliyonishinda. Popo walikuwa wamehamia darini, na kinyesi chao kilikuwa kimeganda juu ya meza ambazo wanafunzi waliwekea viwiko. Sinki lilikuwa na maji ya kijani yasiyotoka. Ndani ya kabati la vifaa panya walikuwa wamezaliana kwenye nyaya. Nilifagia na kusugua huku nimejifunga kitambaa puani, na kila nilipodhani nimemaliza, kitu kingine kilidondoka kutoka juu.

Kifaa kimoja tu kilikuwa safi. Kilikaa peke yake kwenye rafu, kimefunikwa kwa kitambaa cha satini: koili kubwa ya waya mnene wa shaba, imezungushwa mara nyingi kwenye kipande kizito cha chuma, ncha zake zimefungwa vishikio viwili vya bati. Mtu alikuwa anaifuta vumbi kila siku. Nilidhani, bahati iliyoje, kuna mwalimu hapa anayependa vifaa vyake.

Mwalimu huyo alikuwa mkuu wa idara ya sayansi. Alitoka mkoa wa mbali, kama walimu wengi pale, na alikuwa amekaa miaka ya kutosha kufahamiana na kila mvuvi na kila katekista. Mtanashati, shati limepigwa pasi, marashi yanamtangulia mlangoni. Mcheshi pia. Alifundisha fizikia kidato cha tano na cha sita, na matokeo yake yalikuwa mazuri kuliko ya shule nyingi za jirani, jambo ambalo mkuu wa shule alilitaja katika kila kikao, hata kikao cha kujadili vyoo.

Wiki ile ile ya kwanza aliniita. "Madam, njoo uone tunavyofundisha kwa vitendo huku kwetu."

Wanafunzi wapatao kumi walikuwa wamesimama nusu duara, wameshikana mikono. Aliyekuwa mwanzo wa mstari alishika kishikio kimoja cha koili, wa mwisho akashika kingine. Koili ilikuwa imeunganishwa na betri ya pikipiki na swichi ya kisu, ile yenye bamba la shaba linaloinuliwa kwa mkono. Mwalimu alifunga swichi, akasubiri kidogo, akatazama nyuso zao moja moja huku akitabasamu. Halafu akaifungua ghafla.

Wote waliruka. Mmoja alipiga kelele, mwingine akajing'ata ulimi. Waliokuwa wamekaa walicheka, na mwalimu alicheka kuliko wote, ameinama, anapiga meza kwa kiganja.

"Kipaimara!" alisema huku akijifuta machozi. "Hawa sasa wameimarika."

Kwetu sisi Wakatoliki kipaimara ni askofu kukupaka krisma, mafuta matakatifu, kwenye paji la uso. Mama yangu alinishonea gauni jeupe kwa siku ile. Lakini hata hilo la kukufuru lilikuwa dogo. Nilikuwa nimetazama mikono ya wale wanafunzi kabla swichi haijafunguliwa. Ilikuwa inatetemeka. Walijua kinachokuja.

"Umewachaguaje hawa?" nilimuuliza darasa lilipotoka.

"Waliofeli jaribio la wiki."

"Kwa hiyo ni adhabu."

"Ni kumbukumbu, madam. Fimbo wanaisahau. Hii hawaisahau." Akaona uso wangu, akacheka tena. "Usiogope. Ni betri ya pikipiki. Volti kumi na mbili tu." Akaweka kidole kimoja cha mkono wa kulia kwenye ncha moja ya betri na kimoja cha kushoto kwenye ncha nyingine, akanitazama hivyo, hana wasiwasi hata kidogo. "Unaona? Hakuna kitu."

Ni kweli hakuna kitu. Betri ya volti kumi na mbili haikufanyi lolote ukiigusa kwa mikono mikavu. Lakini koili si betri. Mkondo ukishapita ndani ya koili, koili haikubali ukatwe papo kwa papo. Ukifungua swichi, inausukuma uendelee kupita, kwa njia yoyote itakayoipata. Ukiipa njia rahisi, mkondo unapungua taratibu kwa usalama. Ukiinyima njia, inapandisha volti mpaka ipatikane njia, iwe ni cheche kwenye swichi au ni miili ya watoto walioshikana mikono. Volti hizo si kumi na mbili tena, ni mamia. Mwalimu wa kidato cha sita hawezi kutolijua hilo. Ndiyo maana aligusa betri, na koili hakuigusa. Alikuwa anadanganya kwa kutumia kitu cha kweli, na alifanya hivyo bila kupepesa macho.

Nilikwenda kwa mkuu wa shule siku hiyo hiyo. Alinisikiliza huku akisafisha meno kwa kijiti. Alisema atazungumza naye. Sijui kama alizungumza. Koili iliendelea kufutwa vumbi.

*

Msichana aliyepatwa na mkasa ninaousimulia alikuwa wa kidato cha tano, mtoto wa pale pale ufukweni. Mama yake alikuwa mkaushaji wa usipa, wale samaki wadogo wa ziwani wanaoanikwa kwenye vichanja vya matete. Alikuwa mpole, mwenye hesabu nzuri, na akiuliza swali hukunja uso kana kwamba jua linampiga machoni. Sikumfundisha wakati ule. Kidato cha tano kilikuwa cha yule bwana. Mimi nilipewa madarasa ya chini.

Siku ile nilikuwa chumba cha pili, nasahihisha madaftari. Ukuta wa maabara ni mwembamba. Nilimsikia mwalimu akisema kwamba swichi ikifunguliwa mkondo katika koili unakuwa sifuri hapo hapo, waandike hivyo. Nikasikia sauti ya msichana.

"Mwalimu, samahani. Kama unakuwa sifuri hapo hapo, mbona swichi inatoa cheche?"

"Unanifundisha?"

"Hapana mwalimu. Nauliza tu. Cheche inatoka baada ya kufungua. Kwa hiyo bado kuna kitu kinapita."

Lilikuwa swali ambalo mwalimu yeyote wa fizikia angeweza kuishi nalo mwezi mzima kwa furaha. Niliacha kalamu. Nilisikia kiti kikiburutwa, kisha sauti ya satini ikivutwa kutoka kwenye koili, au labda niliiwazia tu.

"Njoo mbele utafute jibu mwenyewe."

Nilisimama. Nilichelewa kufika. Nilisikia kishindo, kitu kizito kikigonga pembe ya meza, na baada yake kicheko. Si cha wote. Lakini kilikuwepo.

Nilipoingia alikuwa sakafuni amekunjamana, mkono wa kulia umeshika kiwiko cha kushoto. Alikuwa ameshika vishikio vyote viwili peke yake, bila wenzake wa kugawana nao ule mshtuko. Wote ulipita kifuani pake, kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Macho yalikuwa wazi na midomo inatetemeka. Sketi yake ilikuwa imelowa na maji yalikuwa yanaenda taratibu kwenye ufa wa saruji.

Mwalimu alikuwa anatazama yale maji.

"Andikeni," alisema, akigeukia ubao. "Maji yenye chumvi ni kipitishi kizuri cha umeme."

Nimeona mambo ya kuchukiza maishani. Nimewahi kufukua choo kilichoanguka. Nimeosha kidonda cha bibi yangu kilichoota funza. Hakuna kilichonitia kinyaa kama ile chaki ikiandika sentensi ile ubaoni kwa mwandiko mzuri, wa kulala, na wanafunzi watatu wanne wa mbele wakiinakili.

Nilivua koti langu jeupe la maabara nikamfunga kiunoni. Nilimwinua. Alikuwa baridi kama aliyetoka mvuani.

"Madam, unaniharibia kipindi," mwalimu alisema.

Sikumjibu. Kama ningefungua mdomo ningemtapikia viatu.

Zahanati haikuwa mbali. Muuguzi alisikiliza moyo wake, akasikiliza tena, akasema unakwenda mbio lakini unakwenda vizuri, apumzike, arudi akisikia kizunguzungu. Kiwiko kilikuwa kimevimba lakini hakijavunjika. Tulipokuwa tunatoka, msichana alinigeukia.

"Madam, naomba wasimwambie mama kuhusu sketi."

*

Nilirudi shuleni wakati wa chakula cha mchana. Walimu walikuwa wanakula ofisini, ugali na usipa wa kukaanga. Yule bwana alikuwa amesimama katikati ya ofisi anaigiza. Alishika vijiko viwili kama vishikio, akatoa macho, akajitupa kwenye kiti, miguu juu. Walimu walicheka, vinywa vimejaa. Mwalimu mmoja wa kike, mama mtu mzima mwenye wasichana wa umri ule ule, alipaliwa kwa kicheko na mwenzake akampiga mgongoni.

Mtu alinisogezea sahani. Nilitazama samaki wale wamepangana, macho yao meupe, na mafuta yameganda pembeni. Nilisukuma sahani.

"Na kama moyo wake ungesimama?" nilisema.

"Dada yangu," alisema yule bwana, sauti laini, "wewe ni mgeni huku. Watoto hawa ni wagumu. Ni wa mchangani, wamekulia kwenye mitumbwi. Hawafi kwa volti kumi na mbili."

"Unajua si kumi na mbili."

"Mimi najua nini?"

"Unajua. Ndiyo maana hujawahi kuishika."

Halafu mmoja akasema, "Madam, punguza jazba, tule kwanza," na wakarudi kula. Yule bwana alijilamba kidole kimoja baada ya kingine huku ananitazama.

Mkuu wa shule aliniambia tusikuze mambo. Alisema mwalimu yule analeta matokeo, na mwalimu wa fizikia wa kidato cha sita haokotwi njiani. Alisema pia, na hili nalikumbuka neno kwa neno, "Tena msichana mwenyewe ameshabadilisha nguo."

Kesho yake mama alikuja.

Hakuna aliyemwambia, ufukweni habari hazihitaji mjumbe. Alikuja moja kwa moja kutoka kwenye vichanja, kanga mbili, miguu ya mchanga, magamba ya samaki yanameta kwenye mikono mpaka viwikoni. Alinikuta mlangoni.

"Shikamoo, mama," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyempeleka zahanati?"

"Ndiyo, mama."

"Basi twende wote ndani. Mimi maneno ya ofisini siyawezi peke yangu."

Mkuu wa shule alimpa kiti, kisha akaenda kufungua dirisha, akarudi na leso akaishikilia karibu na pua yake kama mtu mwenye mafua. Mama aliona. Alificha mikono chini ya kanga. Mimi nilikuwa nimeanza kuzoea harufu ya usipa, na hata kama nisingeizoea, mle ndani hiyo haikuwa harufu mbaya kuliko zote. Marashi ya yule bwana yalikuwa yameshatangulia kuingia.

Mwenyewe aliingia, akakaa, akakunja nne, akaanza kwa heshima kubwa. Shikamoo mama, poleni na kazi, ziwa linasemaje. Akaeleza kwamba siku hizi serikali inahimiza elimu kwa vitendo. Akasema binti alipata woga kidogo kwa sababu hajazoea vifaa. "Ni betri ya pikipiki tu, mama. Volti kumi na mbili. Hata wewe ukishika husikii kitu."

Mama alinigeukia. "Madam, mimi umeme siujui. Ni kweli?"

Nilimweleza kwa maneno ya kawaida. Betri peke yake ni kweli haina madhara. Lakini waya ule mwingi uliozungushwa kwenye chuma unahifadhi nguvu wakati mkondo unapita. Ukikata njia ghafla, nguvu ile haipotei; inatafuta pa kutokea, na kadiri pa kutokea panapokuwa pagumu ndivyo inavyosukuma kwa ukali zaidi. Mwili wa mtu ni njia ngumu. Siku ile pa kutokea pekee palikuwa mwili wa mtoto wake.

"Unamtisha mzazi bure," alisema yule bwana.

Nilitoka. Nilikwenda maabara nikaibeba koili, kifuani, nzito mpaka mgongo ukaniuma, nikarudi tena kuchukua betri na swichi. Hakuna aliyenizuia; nadhani hawakuelewa nataka nini. Niliviweka mezani pa mkuu wa shule, juu ya kalenda yake, nikaunganisha nyaya, nikafunga swichi. Nikamgeuzia yule bwana vishikio viwili vya bati.

"Mwalimu, shika."

Alitabasamu. "Madam, hii ni ofisi ya mkuu."

"Ni volti kumi na mbili."

"Tuwe na adabu mbele ya mzazi."

"Shika, nifungue swichi. Mama aone kwamba hakuna kitu."

Tabasamu lilibaki usoni lakini mikono iliondoka. Iliteremka kutoka kwenye mapaja, ikaenda nyuma ya kiti. Sidhani aliiamuru. Ilikwenda yenyewe, na sote tulikuwa tunaitazama.

"Nina presha," alisema.

Mama alitoa mikono yake chini ya kanga, akaiweka magotini.

"Shika, baba," alisema polepole. "Mwanangu alishika."

Mkuu wa shule alitazama picha ukutani. Nje kengele ya kubadilisha vipindi iligongwa. Yule bwana hakusogea. Jasho lilikuwa limetokea juu ya mdomo wake, matone madogo, na marashi yake yakachanganyika nalo yakawa kitu kingine kabisa, kitamu na kichachu, nikalazimika kugeuza uso.

"Kumbe unajua," alisema mama. Aliinuka, akaenda mpaka mlangoni, akatema mate nje, akarudi akakaa. "Nilidhani labda hujui. Mtu asiyejua anasamehewa."

*

Siku iliyofuata wanawake wa vichanja walikuja pamoja naye. Walikaa kwenye ngazi za ofisi, hawakupiga kelele, hawakumtukana mtu. Walikaa tu na harufu yao, mpaka mkuu wa shule akapiga simu wilayani mwenyewe. Maofisa walikuja na gari, wakauliza maswali, wakaandika, wakanywa soda, wakaondoka. Yule bwana aliambiwa asiingie darasani wakati suala linashughulikiwa, na kidato cha tano nikapewa mimi.

Siku ya kwanza waliponiona naitoa koili kabatini, viti vya mbele vilirudi nyuma vyenyewe. Msichana alikuwa amekaa karibu na mlango, kiwiko kimefungwa bandeji. Sikumwita. Sikumwomba mtu yeyote aje mbele.

"Kuna mtu aliuliza swali humu ndani hakujibiwa," nilisema. "Aliuliza, kama mkondo unakuwa sifuri hapo hapo, mbona kuna cheche? Jibu ni kwamba hauwi sifuri hapo hapo. Sentensi ile mliyoiandika ifuteni."

Nilisikia vifutio vikisugua karatasi. Baadhi yao walifuta na ile nyingine pia, ya maji ya chumvi.

Niliunganisha rezista ndogo, kile kifaa cha kuukinza mkondo, sambamba na koili, kutoka ncha hadi ncha, ili swichi ikifunguliwa mkondo upate njia ya kuzunguka. Nikaweka ammita ya mshale, ya kupimia mkondo, katika mzunguko huo, na simu yangu nikaisimamisha kwenye kopo ili irekodi. Nilifunga swichi, mshale ukapanda. Nilifungua. Hapakuwa na cheche ya maana. Mshale ulianza kushuka, kwanza upesi, kisha polepole, kisha polepole zaidi, ukawa kama hautaki kufika.

Tuliitazama video kwa mwendo wa taratibu, vichwa vimebanana juu ya simu. Niliwaonyesha kwamba ukikata muda katika vipande vilivyo sawa, kila kipande kinachukua fungu lile lile la kilichobaki. Hakichukui kiasi kile kile; kinachukua fungu lile lile. Kama kipande cha kwanza kimeondoa nusu, cha pili kinaondoa nusu ya nusu iliyobaki, na cha tatu nusu ya hiyo. Ndiyo maana mwanzoni mshale unateremka kwa nguvu na mwishoni unajivuta.

"Sasa nikiongeza rezista nyingine, tuziunge kwa mfuatano ukinzani uwe mkubwa, mkondo utachelewa kuisha au utawahi?"

Karibu wote walisema utachelewa. Ukinzani ni kizuizi, kizuizi kinachelewesha. Ni kosa zuri, na kila mtu analifanya mara ya kwanza.

"Utawahi," ilisema sauti kutoka mlangoni.

Hawakugeuka kumtazama, na nilishukuru kwa hilo.

"Kwa nini?"

Alikunja uso. "Nguvu iliyo ndani ya koili ni ile ile. Rezista kubwa inaila upesi. Inapata joto zaidi kwa mkondo ule ule."

"Na volti za mwanzo?"

"Zitakuwa kubwa zaidi. Kwa sababu mkondo unaanza vile vile ulivyokuwa, na sasa unapita kwenye ukinzani mkubwa." Akatazama mikono yake. "Mtu ni rezista kubwa sana."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo kwangu ulipungua upesi sana."

"Upesi sana. Na kwa volti nyingi sana."

Aliitikia kwa kichwa. Niliziunga rezista kwa mfuatano, na kweli mshale uliwahi kushuka. Baadaye alikuja mbele mwenyewe, akaziondoa rezista kwenye mfuatano na kuziunga sambamba, kwa mkono mmoja maana mwingine ulikuwa kwenye bandeji, ili aone kama ukinzani ukiwa mdogo mshale utachelewa kushuka. Ulichelewa. Alirudia mara kadhaa, hakutaka kuondoka hata kengele ilipolia. Hakugusa vishikio vya bati. Kabla sijafunga kabati alikuja na bisibisi, akaniuliza kama anaweza kuvifungua, nikamwambia avifungue. Alivitupa kwenye shimo la taka nyuma ya jiko.

*

Suala liliposhughulikiwa, lilishughulikiwa kwa namna ya kwetu. Yule bwana alihamishwa kwa manufaa ya umma, akapelekwa shule nyingine milimani, na kabla hajaenda akafanyiwa sherehe ya kuagwa.

Mbuzi alichinjwa. Viti vilikodiwa. Mkuu wa shule alisema tunapoteza hazina. Yule mwalimu mama aliyepaliwa siku ile alimvisha shada la maua ya plastiki. Walimpa saa ya ukutani na shuka zilizofungwa kwenye nailoni ya kung'aa. Jioni hiyo mawingu ya wadudu wadogo wa ziwani yalikuwa yameingia nchi kavu, yanatua kwenye nyama, kwenye wali, kwenye nywele, na watu walikuwa wanakula tu, wanapuliza na kula. Yeye aliposimama kuzungumza alishukuru kila mtu. Alisema amejifunza mengi. Kisha akatabasamu.

"Nawaachia koili yangu. Tafadhali msiache watoto wakakosa kipaimara."

Walicheka. Si wote, lakini wengi mno. Mkuu wa shule alicheka mpaka soda ikamtoka puani.

Sahani yangu ilikuwa magotini, wadudu wameanza kuifunika. Niliiweka chini, mbwa akaja. Nilipokuwa natoka, yule bwana alinifuata mpaka kwenye mti wa mwisho, amenyoosha mkono mbele kunisalimia.

"Madam, tusiachane vibaya. Kazi ni kazi."

Niliutazama mkono ule, laini, kucha zimekatwa vizuri, mafuta ya mbuzi kwenye vidole. Niliuacha hapo hapo ulipokuwa. Alikaa nao hewani kwa muda, halafu akaufuta kwenye suruali yake kama aliyekuwa anakusudia kuufuta tangu mwanzo.

Nilikuja kusikia kwamba kule alikokwenda amefanywa mwalimu wa taaluma. Habari hiyo niliipata kituo cha mabasi Mbinga mjini, kutoka kwa mtu aliyenieleza kwa furaha kwamba shule yao imepata kichwa. Nilinunua maji, nikasukutua, nikatema, na ladha haikutoka.

Nilitafuta namba ya mwalimu wa fizikia wa shule ile, kupitia kwa rafiki wa rafiki. Alikuwa dada kijana, sauti ya mtu anayetembea njiani, upepo unavuma kwenye simu. Nilimwambia mimi ni nani na natokea wapi. Nilimweleza yote, tangu satini mpaka sentensi ya ubaoni, bila kupunguza. Aliniacha niseme mpaka mwisho.

"Ameagiza mafundi watutengenezee koili," alisema. "Kubwa. Alisema ni ya kufundishia."

"Imeshafika?"

"Ipo maabara tangu juzi."

"Unazo rezista?"

"Zipo chache."

"Leo, kabla hujaenda nyumbani," nilimwambia, "chukua moja ndogo, uiunge kwenye ncha za koili, ncha hadi ncha, uichomelee kabisa isitoke. Halafu nenda kwa wazazi."

"Kwa wazazi wa nani?"

"Wa darasa lolote. Anza na akina mama."

Alisema sawa, dada, akaniomba nisikate simu mpaka afike maabara, kwa sababu alitaka nimwelekeze wakati anachomelea. Nilikaa kwenye benchi la kituo, simu sikioni, nikasikia mlango wa chuma ukifunguliwa, na yeye akikohoa kwa vumbi.